Msongamano wa Magari Mombasa: Chanzo Chake, Nani Anasimamia Nini, na Nafasi Yako Mkaazi

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, maelfu ya wakaazi wa kaunti yetu huanza safari ya aina moja. Wa Bamburi, Mtopanga na Kiembeni wanaelekea Daraja la Nyali. Wa Mikindani, Magongo na Miritini wanaelekea Makupa. Wa Likoni na Mtongwe wanateremka kivukoni kusubiri feri. Wengi wao wanakwenda pahali pamoja: kisiwani, kwenye afisi, maduka, shule, mabohari, bandari na hospitali kuu ya Makadara. Jioni safari hiyo hiyo inageuka, na foleni inahamia upande wa pili wa barabara.

Katika mabaraza ya wananchi kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: mbona barabara zinajengwa kila mwaka na msongamano bado upo? Swali hili ni la haki, na jibu lake haliwezi kutolewa kwa sentensi moja. Makala haya hayatangazi mradi mpya. Yanaeleza msongamano unavyotokea katika mji kama wetu, ni nini hupunguza na nini hakipunguzi, ni afisi gani inayosimamia kila sehemu, na ni wakati gani maoni yako yanaweza kubadilisha jambo.

Tuanze na wanaoumia. Mwenye gari lake hukereka, lakini wapo wanaopoteza zaidi. Kibarua anayelipwa kwa siku akichelewa langoni hukuta nafasi imechukuliwa na mwingine. Mama anayefuata mboga Kongowea alfajiri akikwama njiani, hufika kwenye kibanda chake wateja wamekwisha kununua kwingine. Na mgonjwa anayetolewa Kisauni au Likoni kupelekwa Makadara ni lazima avuke maji. Kwake yeye, dakika ishirini za foleni si usumbufu tu.

KISIWA CHENYE MILANGO MICHACHE

Sababu ya kwanza ya msongamano wetu ni umbo la mji. Kitovu cha Mombasa ni kisiwa, na milango yake ya magari inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Upande wa kaskazini kuna Daraja la Nyali. Upande wa magharibi kuna Makupa, pamoja na njia ya Kipevu inayopita karibu na bandari. Upande wa kusini kuna feri ya Likoni.

Daraja la Nyali tunalolitumia leo lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya daraja la kuelea lililokuwapo tangu enzi za ukoloni. Lina leni sita. Hesabu ya watu ya mwaka 1979, mwaka mmoja kabla ya daraja kufunguliwa, ilionyesha kuwa Mombasa ilikuwa na watu takriban 341,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,208,333. Idadi ya watu imeongezeka zaidi ya mara tatu na nusu, na leni za daraja bado ni sita. Kati ya mwaka 2009 na 2019 pekee, kaunti iliongeza wakaazi karibu 269,000, na sehemu kubwa ya makazi mapya imekuwa bara, nje ya kisiwa. Kazi, biashara na huduma nyingi zimebaki kisiwani.

Hayo ni ya wakaazi wa Mombasa peke yao. Wapo pia wanaolala Mtwapa katika Kaunti ya Kilifi, au Ukunda katika Kaunti ya Kwale, na kufanya kazi hapa kila siku. Tena kuna bandari. Bandari ya Mombasa haihudumii Kenya tu: mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupitia hapa. Malori yanayoingia na kutoka bandarini hutumia njia zile zile za magharibi wanazotumia wakaazi wa Changamwe na Jomvu kwenda kazini.

Feri ya Likoni ina mzigo wake wa pekee. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 300,000 na magari 6,000 huvuka hapo kwa siku, na waendao kwa miguu hawalipi. Kivuko kinapolemewa, hatari si kuchelewa tu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa imejaa kupita kiasi ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa maji. Usafiri wa umma usiotosheleza watu huweza kuua, na sisi wa Mombasa tunalijua hilo kuliko wengi.

MATATU MOJA IKISIMAMA NDANI YA LENI

Umbo la mji halielezi kila kitu. Sehemu kubwa ya foleni inatokana na namna tunavyoitumia barabara tuliyo nayo. Hebu tufanye hesabu ndogo.

Leni moja ya barabara, magari yakienda bila kuzuiwa, inaweza kupitisha magari kama 1,800 kwa saa. Hilo ni gari moja kila sekunde mbili. Sasa matatu inasimama ndani ya leni, si pembeni, ili kushusha na kupakia kwa sekunde 30. Katika muda huo, nafasi za magari 15 zimepotea. Tuseme matatu 20 zinafanya hivyo pahali pamoja katika saa moja, kila moja kwa wakati wake. Leni imefungwa kwa jumla ya dakika 10, na nafasi 300 zimepotea. Leni iliyoweza kupitisha magari 1,800 sasa inapitisha 1,500.

Kama magari yanayokuja ni 1,650 kwa saa, basi kila saa magari 150 hayapati nafasi. Baada ya saa mbili za asubuhi, foleni ina magari 300. Kila gari likichukua mita saba pamoja na mwanya wa mbele yake, foleni hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Kama matatu zile zingesimama kwenye steji iliyo nje ya leni, barabara ingeweza kupitisha magari yote 1,650 na foleni hiyo isingekuwapo.

Hesabu hii ni ya mfano, lakini inaonyesha mambo mawili muhimu. La kwanza ni kwamba haba na haba hujaza kibaba: vikwazo vidogo vidogo, kila kimoja cha nusu dakika, ndivyo hufanya foleni ya kilomita mbili. La pili ni kwamba barabara iliyo karibu kujaa haihitaji kupunguziwa nusu ya magari ili ipumue. Kupungua kidogo tu kunatosha. Ndiyo maana shule zikifungwa utaona njia zimekuwa nafuu ghafla, ingawa magari mengi bado yako barabarani. Na ndiyo maana Desemba, wageni wa kutoka bara wanapokuja na magari yao, ongezeko lisilokuwa kubwa sana linatufunga kabisa.

Matatu si kikwazo pekee. Tuktuk inayogeuka katikati ya barabara, lori linaloshusha mzigo mbele ya duka saa mbili asubuhi, gari lililoegeshwa nusu juu ya njia ya miguu na nusu ndani ya leni, na mkokoteni uliokosa pa kupita, vyote vinafanya kazi hiyo hiyo. Njia ya miguu ikizibwa, anayetembea naye hushuka barabarani, na hapo leni moja zaidi inapungua.

KWA NINI MATATU HUFANYA HIVYO

Ni rahisi kuwalaumu madereva na makanga. Sheria wanazijua, na wanaozivunja wanastahili kuchukuliwa hatua. Hata hivyo, ni vizuri kuelewa wanavyolipwa, kwa sababu hapo ndipo penye mzizi.

Katika mpango ulioenea, mwenye gari humtaka dereva alete kiasi fulani cha fedha kila siku. Juu ya hicho kuna mafuta na gharama za njiani. Kinachobaki ndicho mshahara wa dereva na makanga. Siku ambayo abiria ni wachache, hawapati kitu. Mpango huu unamlazimisha dereva kupigania kila abiria: kusimama popote mkono unapoinuliwa, kungoja kwenye steji hadi gari lijae, kukata safari katikati na kugeuza pale anapoona abiria wengi upande wa pili, na kupandisha nauli mvua inaponyesha. Mwendo ambao unamuumiza abiria ndio unaompatia dereva riziki.

Serikali ya kitaifa imejaribu kurekebisha jambo hili kwa hatua kadhaa. Kanuni za mwaka 2004, ambazo wengi bado wanazikumbuka kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Kanuni za mwaka 2014 zilitaka kila mwenye matatu awe mwanachama wa sacco au kampuni. Wazo lilikuwa zuri: badala ya serikali kuzungumza na mwenye gari mmoja mmoja, izungumze na chombo kimoja kinachowajibika kwa magari mengi. Pale ambapo sacco imebaki kuwa jina lililoandikwa ubavuni mwa gari, huku kila dereva akiendelea kuleta fedha za siku, mwenendo barabarani haubadiliki. Mabadiliko huja pale dereva anapolipwa mshahara na gari linapoondoka kwa saa, limejaa au halijajaa. Hapo sababu ya kugombania abiria huondoka.

JE, TUPANUE BARABARA?

Barabara mpya zinahitajika, na baadhi zimetusaidia. Mwaka 2022 madaraja mapya ya Makupa yalifunguliwa, yakachukua nafasi ya tuta la zamani na kuyaruhusu maji ya bahari kupita tena chini yake. Barabara ya Dongo Kundu, yenye urefu wa kilomita 17.5, ilifunguliwa sehemu ya kwanza mwaka 2018, na mwaka 2024 magari yakaanza kuvuka hadi upande wa kusini kupitia madaraja ya Mwache na Mteza. Anayetoka Nairobi au uwanja wa ndege kwenda Diani halazimiki tena kuingia kisiwani wala kungoja feri. Barabara ya namna hii inafaa kwa sababu inawaondoa mjini wale ambao hawakuwa na haja ya kuja mjini.

Kupanua barabara inayoingia katikati ya mji ni jambo tofauti. Barabara ikipanuka, mwanzoni safari inakuwa nyepesi. Kisha aliyekuwa akipanda matatu ananunua gari, aliyekuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri analala hadi saa moja, na mwenye kiwanja mbali anajenga nyumba za kupangisha. Baada ya miaka michache barabara imejaa tena. Watafiti wawili, Gilles Duranton na Matthew Turner, walichunguza miji ya Marekani na katika utafiti wao wa mwaka 2011 wakaona kwamba barabara kuu za mijini zikiongezwa, mwendo wa magari nao huongezeka karibu kwa kiwango hicho hicho. Wakaazi wa Nairobi walikamilishiwa Barabara Kuu ya Thika mwaka 2012, na wanaoitumia asubuhi wanaweza kukueleza wenyewe kama foleni ilikwisha.

Kwetu kuna kikwazo zaidi. Hata tukipanua barabara za Kisauni, bado magari yote yatakutana kwenye leni zile sita za Nyali. Na kisiwani penyewe, kupanua kunamaanisha kubomoa.

TUHESABU WATU, TUSIHESABU MAGARI

Kama nafasi ya barabara haiongezeki, swali linakuwa hili: nafasi hiyo inabeba watu wangapi?

Chukua watu 42 wanaotoka Bamburi kwenda mjini. Wakiingia katika matatu za viti 14, ni magari matatu. Wakipanda tuktuk zenye abiria watatu watatu, ni tuktuk 14. Wakienda kwa magari ya kibinafsi, tuseme kila gari lina watu wawili na jingine mmoja, yaani wastani wa mtu mmoja na nusu, ni magari 28. Na basi moja kubwa linaweza kuwabeba wote. Ukitoa mita saba kwa kila gari dogo, magari 28 yanajaza karibu mita 200 za barabara. Matatu tatu hazifiki mita 25.

NACTO, chama cha maafisa wa usafiri wa miji ya Marekani Kaskazini, kimeweka makadirio yanayotumiwa na wapangaji wengi wa miji. Leni moja yenye magari ya kibinafsi hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa. Leni hiyo hiyo ikitengwa kwa mabasi yanayofuatana kwa karibu, hupitisha kati ya 4,000 na 8,000. Njia ya miguu ya upana huo huo inaweza kupitisha watu 8,000 au zaidi. Kwa hivyo matatu, pamoja na makosa yake yote, ni sehemu ya dawa. Tatizo ni kwamba tumeiacha ifanye kazi bila steji za kutosha, bila saa na bila njia yake.

Mfano wa karibu tunao Dar es Salaam. Mabasi yaendayo haraka, ambayo wenyeji wanayaita mwendokasi, yalianza kazi Mei 2016 katika awamu ya kwanza yenye kilomita 20.9, kati ya Kimara na katikati ya mji. Yana njia zake katikati ya barabara. Abiria hulipa kabla ya kupanda, na jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi, hivyo mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye mtoto huingia bila kuinuliwa. Basi halikwami nyuma ya gari dogo.

Dar es Salaam inatufundisha na upande wa pili pia. Mabasi yamekuwa machache kuliko abiria, na msongamano ukahamia kutoka barabarani hadi ndani ya vituo. Karakana ya Jangwani, iliyojengwa bondeni, ilifurika maji wakati wa mvua kubwa. Kutenga njia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha magari yapo, yanatengenezwa na yanaendeshwa kila siku, mwaka baada ya mwaka.

NANI ANASIMAMIA NINI

Hapa ndipo wakaazi wengi hupotea, na hatuwezi kuwalaumu. Barabara moja inaweza kuwa na wasimamizi wanne.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limegawa kazi. Kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, mipango ya magari na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Serikali ya kitaifa imepewa barabara kuu za nchi, reli, na sheria za jumla za barabarani.

Kwa vitendo, mgawanyo uko hivi:

- Barabara kuu, kama ile ya kwenda Nairobi na ile ya kwenda Malindi, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara nyingine za kitaifa zilizo mjini ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA.
- Leseni za matatu na masharti ya sacco hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA.
- Polisi wa trafiki wako chini ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi. Gavana hawaamuru.
- Feri za Likoni zinaendeshwa na Halmashauri ya Bandari, KPA.
- Treni ziko chini ya Shirika la Reli.
- Barabara za mitaani zilizo za kaunti, maegesho na ada zake, steji, masoko, na ruhusa za ujenzi ziko chini ya serikali ya kaunti.

Mgawanyo huu si kisingizio. Unaonyesha tu kwamba matatu ikisimama vibaya kwenye barabara ya Malindi, aliyeijenga barabara ni mmoja, aliyeipa matatu leseni ni mwingine, anayeweza kumkamata dereva ni wa tatu, na anayepaswa kusema steji iwe wapi ni wa nne. Wasipokaa meza moja, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Mkaazi ana haki ya kuuliza kama wamekaa, na waliafikiana nini.

HATUA NDOGO ZILIZO MIKONONI MWA KAUNTI, NA GHARAMA YAKE

Zipo hatua ambazo hazihitaji mkopo wa kigeni wala miaka kumi. Lakini kila moja ina anayeumia, na ni haki kulisema hilo mapema.

Steji nje ya leni. Matatu ikipata pa kuingia, hesabu tuliyoifanya hapo juu inageuka kuwa faida. Lakini nafasi hiyo mara nyingi tayari ina vibanda vya watu wanaolisha familia. Kuwaondoa bila kuwaonyesha pahali pengine penye wateja ni kuhamisha tatizo, na baada ya miezi miwili watakuwa wamerudi.

Maegesho. Gari lililoegeshwa kandokando ya barabara huchukua kama mita 12 za mraba za ardhi ghali kuliko zote mjini, na wakati mwingine hukaa hapo kutwa nzima. Ada ya maegesho huwahimiza watu wakae kwa muda mfupi na kuachia wengine nafasi. Wenye maduka huhofia kupoteza wateja, na wenye magari huona wametozwa mara mbili. Hoja zao zina uzito pale ambapo usafiri wa umma bado haujawa mbadala wa kutegemewa.

Saa za kupakua mizigo. Malori yakishusha usiku au mapema sana, barabara za madukani hupumua asubuhi. Mwenye duka atalazimika kulipa mlinzi na wapagazi wa usiku.

Njia za miguu na taa. Wakaazi wengi hutembea, ama safari yote ama hadi steji. Njia safi yenye taa humfanya mtu atembee kutoka Posta hadi Mwembe Tayari bila kutafuta tuktuk. Hatua hii ndiyo yenye wapinzani wachache, na ndiyo husahaulika upesi zaidi.

Huduma karibu na watu. Kila kituo cha afya chenye dawa na kila afisi ya huduma iliyofunguliwa Kisauni, Likoni au Jomvu hupunguza safari za kuvuka maji. Hii pia ni sera ya usafiri, ingawa haiitwi hivyo.

Mpangilio wa hatua nao una maana. Tarehe 3 Desemba 2018, matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji la Nairobi kabla ya kuwapo usafiri wa kuwatoa abiria vituoni hadi kazini. Maelfu walitembea, wakiwamo wazee, wagonjwa, wenye ulemavu na wenye mizigo. Marufuku hiyo ikasitishwa haraka. Kupunguza magari katikati ya mji huenda ni wazo zuri, lakini kilichotakiwa kitangulie kiliwekwa nyuma. Jiji letu lina nafasi ya kujifunza bila kulipia karo hiyo.

NAFASI YAKO NA TAREHE ZA KUKUMBUKA

Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 zinampa mkaazi haki ya kushirikishwa. Sheria hiyo pia inampa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Lakini maoni yakija baada ya bajeti kupitishwa, husubiri mwaka mzima. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma imeweka tarehe hizi:

- Kufikia 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti. Hapa ndipo steji, taa au njia ya miguu huingizwa katika orodha ya miradi. Isipoingia hapa, ni vigumu kuiona kwenye bajeti.
- Kufikia 28 Februari: Taarifa ya Sera ya Fedha huwasilishwa. Hapa huamuliwa kila idara itapata kiasi gani, ikiwamo ya uchukuzi.
- Kufikia 30 Aprili: makadirio ya bajeti huwasilishwa.
- Kufikia 30 Juni: bajeti hupitishwa, kwani mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai.
- Katika siku 90 baada ya Mswada wa Matumizi kupitishwa: Bunge la Kaunti huamua Mswada wa Fedha. Ada za maegesho na za matatu zimo humu. Mwenye malalamiko kuhusu ada aje wakati huu.

Juu ya hayo yote kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ambao ni wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi mkubwa wa usafiri unapaswa kuwa umetajwa humo.

Unapoleta maoni, yalete yakiwa na maelezo kamili. Kauli ya "barabara yetu ina jam" inaandikwa na kusahaulika. Lakini ukiandika kwamba kwenye steji fulani, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, matatu husimama ndani ya leni kwa sababu sehemu ya kuegesha imezibwa na rundo la mchanga, mhandisi anajua pa kwenda na anajua pa kuanzia. Taja pahali, saa, unachokiona na unachopendekeza. Taja pia nani ataathirika, kwa maana yule mwenye kibanda naye atakuwa ameketi katika baraza hilo hilo, na suluhu itakayodumu ni ile ambayo nyote wawili mliisikia ikijadiliwa.

Na kuna mambo ambayo hayangoji bajeti. Abiria, teremkia kwenye steji hata kama nyumba yako iko hatua hamsini nyuma. Dereva, ingia ndani ya nafasi ya steji na uache leni wazi. Mwenye duka, pakua mzigo kabla ya saa kumi na mbili. Mwenye gari, mwulize jirani anayeelekea mjini kama ana pa kupanda. Sekunde 30 zinazookolewa hapo ni nafasi ya magari 15, na moja kati ya hayo huenda likawa ambulensi inayotoka Kisauni kwenda Makadara.